Waliohesabu Vipanga Mlimani

Kila mama mwenye kuku anamjua kipanga. Kivuli chapita juu ya kiwanja, kuku atoa sauti yake ile ya hofu, vifaranga wakimbilia chini ya mabawa yake, na watoto wa nyumba watoka mbio na mawe mkononi. Mara nyingine wanachelewa. Basi tukisema kwamba wako watu wanaokaa juu ya mwamba siku nzima, katika upepo na baridi, wakihesabu vipanga mmoja mmoja na kuandika hesabu yao katika daftari, wasomaji wengi watauliza: Je, hao wamekosa kazi? Hata majirani wa mlima ule waliuliza hivyo, miaka tisini na zaidi iliyopita. Leo twataka kueleza jinsi kazi hiyo ilivyoanza, na jambo gani ilifunua ambalo hakuna aliyelitafuta.

Upande wa mashariki wa Marekani kuna jimbo liitwalo Pennsylvania. Humo umepita mlima mmoja mrefu kama ukuta, jina lake Kittatinny. Kwa kimo si kitu: watu wa Ruwenzori au wa Virunga wangeuita kilima, kwa maana mahali pa kuhesabia hapafiki hata mita mia tano juu ya bahari. Lakini kwa urefu wa kwenda ni kilomita mamia, toka kaskazini-mashariki hata kusini-magharibi, bila kukatika sana.

Nchi ile ina majira ambayo sisi hatunayo. Kati ya joto na baridi kali kuna miezi ambapo majani ya miti yanageuka mekundu na manjano, kisha yanaanguka yote. Wakati huo vyura na nyoka wanajificha ardhini, wadudu wanakufa, ndege wadogo wanakwenda zao kusini. Kipanga atakula nini? Lazima naye asafiri. Wengine wanakwenda karibu, wengine wanafika hata Amerika ya Kusini, kupita ikweta.

Sasa, ndege mzito mwenye safari ya maelfu ya kilomita hawezi kupigapiga mabawa njia nzima, nguvu zingemwishia. Anatafuta upepo wa kumbeba. Upepo wa kaskazini-magharibi ukija, unaugonga mlima ule kama maji yanavyogonga ukuta. Hauna njia ila kupanda juu. Kipanga ananyosha mabawa, anaketi juu ya upepo huo, na anateleza kando ya mlima saa nyingi bila taabu. Tena kuna hewa ya moto inayopanda kutoka mashambani jua linapowaka. Ndege wanaingia ndani yake mamia pamoja, wanazunguka na kuzunguka wakipanda, hata watazamaji wanalifananisha kundi lile na chungu kinachotokota. Wakifika juu kabisa wanajiachilia, wanateleza mpaka penye hewa nyingine ya moto. Ndiyo sababu ndege wa nchi pana kabisa wanakuja kupita mahali pamoja pembamba, karibu na macho ya watu. Na karibu na bunduki zao.

Wawindaji walilijua jambo hilo zamani. Kila mwaka, upepo mzuri ulipovuma, walipanda mlimani na kukaa juu ya miamba, wakapiga risasi mchana kutwa. Mwaka 1928 mtaalamu mmoja wa ndege, George Miksch Sutton, aliandika juu ya vipanga waliouawa huko. Ndege hao hawakuliwa. Waliachwa chini ya miti, wengine wamekufa, wengine wamevunjika bawa tu, wakingoja kufa. Tusidhani kwamba wapigaji hao walikuwa watu wabaya kuliko wengine. Walikuwa wakulima, na wachimbaji wa makaa ya mawe wa miji ya karibu, nao waliamini kama tunavyoamini wengi wetu: kipanga ni mwizi, na mwizi hana haki. Hata wataalamu wengine wa siku zile walifikiri kwamba kuwaua ni kuwasaidia kuku na ndege wa porini. Serikali ya jimbo nayo ilisema hivyohivyo. Mwaka 1929 iliahidi dolari 5 kwa kila kozi mkubwa atakayeletwa amekufa. Mwaka huo ndio uchumi wa Marekani ulianguka, na kwa mtu asiye na kazi dolari 5 zilikuwa fedha kweli. Tena ni nani, akitazama toka chini ndege anayekimbia na upepo, atakayejua kama ni kozi au mwingine? Walipiga wote.

Mwaka 1932 kijana mmoja wa mji wa Philadelphia, Richard Pough, alisikia habari hiyo akapanda kujionea. Alikuwa na kamera. Yeye na wenzake waliwaokota ndege waliokufa, wakawapanga chini kwa mistari, mamia, kisha akapiga picha. Picha zile zilionyeshwa New York mwaka 1933, mbele ya watu wenye kupenda ndege. Walisikitika. Mara nyingi mambo huishia hapo, katika kusikitika.

Lakini kati yao alikuwapo mwanamke mmoja, jina lake Rosalie Edge. Alizaliwa New York mwaka 1877, katika jamaa yenye mali, na alipokuwa bado na nguvu za ujana alipigania haki ya wanawake ya kupiga kura. Alizoea kusimama mbele ya watu na kusema neno wasilopenda kulisikia. Mwaka 1929, alipokuwa hotelini Paris, alipata kijitabu kilicholaumu mashirika makubwa ya kulinda ndege kwamba yanalala. Aliporudi kwao aliuliza katika mkutano wa shirika kubwa kuliko yote, lile la Audubon: Je, maneno haya ni kweli? Wakubwa wakakasirika. Akaanzisha kamati yake mwenyewe, akagundua kwamba shirika lile la kulinda wanyama lilikuwa likipata fedha kwa kunasa wanyama kwa mitego ya chuma katika hifadhi yake moja ya Louisiana, na mwaka 1931 alilipeleka mahakamani ili apewe majina ya wanachama wote. Rafiki yake mmoja alimfananisha na paka mkali, na alimaanisha kumsifu.

Bibi huyo alipoona picha za Pough, alingoja kwanza shirika kubwa linunue mlima kama lilivyoonyesha nia. Halikununua. Mwaka 1934 akaenda mwenyewe, akaukodi mlima kwa dolari 500 alizokopeshwa na rafiki, pamoja na haki ya kuununua baadaye. Zilikuwa hekta 565 hivi za mawe na miti. Ardhi ambayo haikufaa kilimo ilikuwa rahisi kuipata. Hakuna aliyekuwa amefikiri kuwalinda vipanga kwa njia hiyo nyepesi namna hii. Pahali pale, paitwapo sasa Hawk Mountain, yaani Mlima wa Vipanga, palikuwa hifadhi ya kwanza duniani iliyowekwa kwa ajili ya ndege wawindao. Mwaka 1938 Bibi Edge aliikabidhi kwa chama maalum kilichoundwa kuitunza.

Mlima bila mlinzi si kitu. Bibi Edge alimtafuta kijana mjuzi wa ndege, Maurice Broun, mwenye miaka 28. Broun alikuja na mke wake Irma mwezi wa tisa, mwaka 1934, na msimu ule hakutaka mshahara. Walibandika matangazo kandokando ya njia: Hakuna ruhusa kuwinda hapa. Wawindaji wakaja na magari yao, wakayasoma, wakakasirika sana. Tuwaze kidogo: mgeni kutoka mbali, bila silaha, awaambie wenyeji wenye bunduki kwamba mlima waliouzoea tangu baba zao sasa umefungwa, na kwa sababu ya nani? Ya kipanga! Mume alipanda mwambani, na mara nyingi ni Irma aliyesimama njiani, akiwaambia wanaume wale kwa upole kwamba wanaweza kuingia kutazama, lakini bunduki zibaki. Wengine walitukana, wengine walitishia. Wengine, na hao walizidi mwaka kwa mwaka, walipanda kutazama. Risasi zilinyamaza.

Ndipo Broun akaanza kuhesabu. Alikuwa na darubini, daftari na kalamu. Kila siku alipanda mwambani, akaandika aina ya ndege, idadi, saa, upepo unatoka wapi, mawingu namna gani. Kwa kumtambua ndege aliye mbali, hatazamwi rangi kwanza, hutazamwa umbo: mabawa mapana au yenye ncha, mkia mrefu au mfupi, anapiga mabawa mara ngapi kabla ya kuteleza. Kozi ana mabawa kama visu. Tai huyashika sawasawa kama ubao. Msimu unakwenda kwa zamu yake: katikati ya mwezi wa tisa wanapita vipanga wa mabawa mapana, kwa makundi, mwezi wa kumi vipanga wadogo wepesi, mwezi wa kumi na moja, pamoja na baridi, wanapita tai wa dhahabu mmoja mmoja. Siku hizi hesabu inaanza tarehe 15 Agosti na kwisha tarehe 15 Desemba, na kwa wastani wanahesabiwa ndege 18,000 hivi kila mwaka, wa aina 16. Lakini wastani hausemi yote. Tarehe 14 Septemba 1978, siku moja tu, walipita zaidi ya 21,000 wa mabawa mapana! Siku nyingine mtazamaji anashuka jioni na mikono imekufa ganzi, amewaona wanne.

Siku ya wanne lazima iandikwe kama siku ya elfu ishirini. Hapo ndipo kazi hii inapotofautiana na burudani. Mtu anayepanda siku nzuri tu atajidanganya mwenyewe, na atawadanganya watakaosoma daftari lake. Hesabu hii haisemi: Nchini kuna vipanga kadha wa kadha. Wengi wanapita usiotazama, wengine wanapita juu mno, wengine upepo umewachukua njia nyingine. Nguvu yake ni kwamba inafanywa mahali palepale, miezi ileile, kwa namna ileile, miaka na miaka. Mwaka mmoja haufundishi kitu. Ishirini inaanza kusema.

(Huko mwambani husimamishwa mti wenye bundi wa bandia juu yake. Vipanga wanamchukia bundi, wanashuka kumpiga, na hivyo wanaonekana kwa karibu. Kwetu bundi ana sifa mbaya kwa watu. Kumbe kwa vipanga naye hana sifa njema.)

Broun alihesabu tangu 1934 mpaka 1942. Kisha vita vikamwita, akaenda kutumika katika jeshi la majini, na miaka ya 1943 mpaka 1945 haina hesabu. Aliporudi aliendelea kama zamani.

Katika miaka ileile ya vita dawa mpya ilitokea. Paul Müller, Mswisi, alivumbua mwaka 1939 kwamba unga uitwao DDT unaua wadudu kwa ajabu, na mwaka 1948 alipewa tuzo ya Nobel kwa ajili yake. Wala hatutaki kuidharau dawa hiyo. Iliua chawa wanaoleta homa, iliua mbu wa malaria, na watu wengi wako hai kwa sababu yake. Congo pia iliijua: mwaka 1948 ilimwagwa kutoka angani huko Léopoldville kuwaua inzi wadogo wa mtoni wanaoleta upofu. Lakini Marekani, baada ya vita, waliimwaga bila kipimo juu ya mashamba, misitu, mabwawa na mitaa ya miji. Haikuwaua ndege wakubwa papo hapo, kwa hiyo watu walisema ni salama.

Sasa tufike kwenye daftari la Broun. Tai mwenye kichwa cheupe, yule aliye alama ya taifa la Marekani, anapozaliwa hana kichwa cheupe. Ni wa kahawia mwili mzima, na kichwa kinageuka cheupe akiwa na miaka minne au mitano. Kwa hiyo mtazamaji mwenye macho mazuri aweza kutofautisha wachanga na wakubwa, hata mbali. Broun hakuandika tu: tai. Aliandika: mchanga, au mkubwa. Alipoandika hivyo mwaka 1935 hakujua itafaa nini.

Toka 1935 hata 1939, kati ya tai mia walioonekana, arobaini walikuwa wachanga. Toka 1955 hata 1959 walikuwa ishirini tu. Na mwaka 1957 peke yake, kwa kila tai wakubwa 32 alionekana mchanga mmoja.

Ndugu msomaji, fikiri kijiji ambacho ukipita sokoni waona watu wa kutosha, wenye afya, wakitembea. Huoni maiti, huoni mgonjwa. Lakini ukikaa kidogo wagundua kwamba hakuna watoto. Tai anaishi miaka mingi, ishirini na zaidi. Wazee waliendelea kupita kila mwaka, na aliyehesabu vichwa tu angesema mambo si mabaya sana. Msiba ulikuwa katika viota.

Huko Florida mzee mmoja, Charles Broley, aliyekuwa karani mkubwa wa benki kabla ya kustaafu, alipanda miti mirefu na kuwafunga pete miguuni makinda wa tai zaidi ya elfu moja toka 1939 hata 1949. Naye aliona, kuanzia 1947, viota vyenye mayai yasiyoanguliwa na viota vitupu. Watu wawili, mmoja mwambani kaskazini, mmoja juu ya misonobari kusini, waliandika jambo lilelile.

Rachel Carson, mwanamke mjuzi wa viumbe, alikuwa amepanda mlima wa Broun kutazama vipanga mwaka 1945. Alipoanza kukusanya ushuhuda juu ya sumu za mashambani alimkumbuka Broun, akamwandikia kuomba hesabu zake. Zikaingia katika kitabu chake Silent Spring, kilichotoka mwezi wa tisa, mwaka 1962. Makampuni ya dawa yalimshambulia kwa ukali; yalisema ni mwanamke mwenye kuogopa bure. Maneno yake wangeweza kuyabishia. Hesabu ya miaka ishirini na mitano, iliyoandikwa na mtu asiyekuwa na kesi na yeyote, ilikuwa ngumu zaidi kuibishia. Na tuseme wazi: kama Broun angeanza kuhesabu mwaka 1950, isingefaa kitu. Hakuna ambaye angejua kwamba zamani walikuwa arobaini kwa mia.

Bibi Edge alikufa mwezi wa kumi na moja mwaka ule ule wa 1962. Carson alimfuata mwaka 1964.

Sababu yenyewe ilieleweka baadaye. Mwaka 1967 Mwingereza Derek Ratcliffe alipima mayai ya kozi yaliyohifadhiwa tangu zamani, akaona maganda yamekuwa mepesi tangu 1947 hivi. Njia ya sumu ilikuwa hii: mvua inaichukua mtoni, vijidudu vya majini vinaimeza, samaki wadogo wanakula vijidudu, samaki wakubwa wanakula wadogo, na kila hatua sumu inazidi kukusanyika katika mafuta ya mwili. Tai anayekula samaki mkubwa anakula sumu ya maelfu ya viumbe. Hafi. Lakini jike hawezi kuweka chokaa ya kutosha katika ganda, na akiketi kuliatamia yai, linavunjika chini yake.

Marekani ilikataza DDT mashambani mwaka 1972, na mwaka huohuo sheria ya nchi nzima iliwakinga vipanga na kozi wote wasipigwe risasi. Mwaka 1963 walibaki jozi 487 tu za tai wenye kichwa cheupe zenye viota katika Marekani, bila kuhesabu Alaska. Mwaka 2007 walikuwa jozi 9,789, na jina lao likafutwa katika orodha ya wanyama walio hatarini. Mlimani, wanapita mamia kila msimu, na wachanga tele. Kwa upande wa malaria, mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilikubali tena DDT ipakwe katika kuta za ndani ya nyumba, palipo na lazima. Neno hilo laonekana kwetu la haki: dawa ndani ya nyumba ya mgonjwa si jambo moja na dawa iliyomwagwa mtoni.

Kazi haikwisha. Madaftari ya siku hizi yanaonyesha kozi mdogo wa Amerika, yule apendaye kuketi juu ya nyaya za simu na kula panzi, anapungua, na wataalamu wanatafuta bado sababu.

Na sasa wanahesabu hata wale wanaokuja kwetu. Kando ya Bahari Nyeusi, katika nchi ya Georgia, karibu na mji wa Batumi, milima na bahari vinabana njia ya ndege watokao Urusi na nchi za jirani. Tangu mwaka 2008 vijana wa mataifa mengi wanakaa huko juu ya vilima, toka mwezi wa nane hata wa kumi, na katika msimu mmoja wamepata kuhesabu ndege wawindao zaidi ya milioni moja. Huko pia kuna watu wenye bunduki, na wahesabuji wanazungumza nao kama Irma Broun alivyozungumza na wale wa Pennsylvania. Mamia ya maelfu kati ya ndege hao ni vipanga walao nyigu. Kipanga huyo anachimba viota vya nyigu na kula makinda yao. Uso wake una manyoya magumu kama magamba, kumkinga na miiba. Wengi wao wanavuka jangwa na kuja kukaa katika misitu ya Afrika ya Kati, ya Congo yetu pia, toka mwezi wa kumi mpaka wa tatu au wa nne. Wanakaa kimya juu ya miti mirefu, na watu wachache tu wanawatambua. Vifaranga wa mtu hawawagusi.